Sehemu ya Tano ya Batoto ba Lopitalo

Mama Mbombo alikuwa na uhakika, na katika stesheni ya treni ya Kolwezi mwaka ule wa tisini na tatu, mtu mwenye uhakika alisikilizwa upesi kuliko mtu mwenye dawa. Alikuwa amepiga magoti kwenye mkeka wa jirani yake Tshiela, chupa ya maji kwapani, kijiko mkononi, akimnywesha Mbelu, binti mdogo wa Tshiela, ambaye tumbo lilikuwa linamwendesha tangu jana bila kupumzika. Mtoto aligeuza uso. Mama Mbombo akamshika kidevu, akamrudisha taratibu.

“Kunywa, mamu yangu. Ii maji njo dawa, ndiyo yenyewe. Si tulionaka ku televizio, siye bote.”

Mtoto alimeza, akakunja uso, kisha akatapika juu ya mkono wa mama yake.

“Anakatala,” alisema Tshiela.

“Batoto bote banakatalaka dawa. Ungalikuwa unamupa Fanta, angekunywa. Mushike kichwa.”

Tshiela akamshika kichwa. Angefanya nini? Hapo walipokuwa hapakuwa na daktari, hapakuwa na choo cha maana, hapakuwa hata na kivuli cha kutosha. Kulikuwa na watu tu, maelfu yao, wamejipanga kando ya reli pamoja na magodoro, cherehani, sufuria na milango ya nyumba zao. Ndiyo, milango. Waliong'oa milango kwa sababu waliona uchungu kuwaachia wale waliowafukuza. Kosa lao lilikuwa moja: babu zao walitoka Kasai kuja kuchimba shaba. Sasa mji ulikuwa umewageuka, unawaita bilulu, yaani wadudu, na kuwaambia warudi kwao. Mukuna, mume wa Tshiela, alizaliwa kambi ya wafanyakazi hapo hapo Kolwezi, na Kasai aliijua kwa hadithi za baba yake tu. Treni ya kuwapeleka huko ilikuwa inangojwa kila siku, na kila siku ilikuwa haijafika.

Mukuna alirudi kutoka bombani na binti yake mkubwa, Joyeuse, kila mmoja na bidoni yake ya maji kichwani. Kwa mwanamume wa umri wake, aliyekuwa msimamizi wa mashine za kusaga mawe ya shaba, kubeba bidoni kichwani mbele za watu ilikuwa aibu. Alikuwa ameizoea aibu hiyo kwa namna yake: hakumtazama mtu yeyote.

Joyeuse alitua bidoni, akaona kijiko, akaona midomo ya mdogo wake imekauka na kupasuka.

“Mama Mbombo, unamupa nini?”

“Maji ya kuhara, mutoto yangu. Yenye ya bijiko sita.”

“Bijiko sita ya nini?”

Mama Mbombo alimtazama kama anayemhurumia mjinga. “Ya chumvi, basi. Na sukari kidogo, kama iko. Kwangu haikuwa.”

Joyeuse alichukua chupa, akaonja. Akatema pale pale, akafuta ulimi kwa kanga. Maji yalikuwa machungu kwa chumvi kuliko mchuzi wa samaki mkavu ulioungua.

“Mama, acha! Acha kumupa!” alipiga kelele, akakinyakua kijiko.

Alikaa chini. Aliona mkeka wa pili, chupa ya maji na kijiko. Aliona wa tatu, chupa na kijiko. Stesheni nzima ilikuwa inanywesha watoto wake chumvi, na yeye alijua walijifunza wapi.

*

Walijifunza kwenye mchezo wa televisheni ulioitwa Batoto ba Lopitalo, yaani Watoto wa Hospitali. Ulitengenezwa na kituo kidogo cha televisheni cha mji, na wachezaji walitoka shule ya wauguzi. Joyeuse alikuwa mwanafunzi kweli wa shule hiyo, na katika mchezo alikuwa mwanafunzi vilevile, jina lake Angèle: msichana wa blauzi nyeupe anayekosea, anayelia chooni, anayependa wagonjwa kupita kiasi. Mji ulimpenda Angèle kama mtoto wa nyumba. Jioni ya mchezo baa zilipungukiwa na wateja, na vyungu viliungua jikoni.

Lakini nani alikuwa na televisheni? Wachache. Hao walijaza sebule zao ndugu na marafiki, na waliobaki, akina Mama Mbombo, walisimama nje dirishani, watoto mgongoni, wanasukumana. Waliosimama dirishani waliona picha vizuri sana. Kusikia hawakusikia kitu ila neno moja moja, maana waliokuwa ndani walikuwa wanacheka na kupiga makofi.

Sasa, katika sehemu ya nne, Angèle alifundisha akina mama kutengeneza maji ya mtoto anayehara: vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, lita moja ya maji safi. Siku ya kurekodi sukari ilikuwa imetoweka mjini. Maduka yalikwisha kuporwa, na kilichobaki kilikuwa kinauzwa kwa kificho. Tata Stany, yaani Baba Stany, aliyeongoza mchezo, hakuwa mtu wa kusumbuka na vitu vidogo. Aliweka mezani pakiti moja ya chumvi, ile yenye picha ya jogoo inayojulikana katika kila jiko la Kolwezi, akasema, “Chota zote mule mule. Kamera haina ulimi.” Wote walicheka, Joyeuse pia. Akachota mara sita kutoka pakiti ya jogoo huku mdomo wake unasema sukari, kisha akachota nusu kutoka pakiti hiyo hiyo huku mdomo unasema chumvi. Hapakuwa na sehemu ya tano. Wiki iliyofuata nusu ya wachezaji walikuwa wamefukuzwa shuleni kwa sababu ya majina yao ya Kasai, na mchezo ukafa.

*

Joyeuse aliinuka mkekani, akaanza kupita mkeka kwa mkeka. Kichwa chake kilikuwa kimefungwa kitambaa hadi nyusi, kwa amri ya baba yake. Vijana waliowavamia nyumbani walikuwa wameuliza kwanza, “Yule wa televizio iko wapi?” na Mukuna alimficha chini ya rundo la nguo chafu. Tangu siku hiyo alimkataza kuonyesha uso na kutaja mchezo.

“Mama, usimupe tena ile maji,” alimwambia wa kwanza. “Chumvi ni mingi. Inaweza kumuua.”

“Weye ni nani?”

“Mi ni mwanafunzi wa uuguzi.”

“Mwanafunzi.” Mwanamke alikoroga chupa yake. “Siye tulijifunza ku Angèle. Nilimuona na macho yangu aya. Mara sita.”

Wa pili alimwambia aende kutafuta mtoto wake mwenyewe wa kumharibia dawa. Wa tatu alimpa mgongo. Joyeuse alirudi mkekani kwao amejaa hasira, akasimama mbele ya Mama Mbombo na wanawake waliokuwa wameanza kukusanyika, akakivuta kitambaa.

“Mutazame vizuri. Angèle ni mimi.”

Walimtazama kweli. Waliona msichana aliyekonda, uso una vumbi la reli, nywele hazijasukwa, miguu imepasuka kisigino. Halafu mmoja akaangua kicheko na wengine wakafuata. Hakikuwa kicheko kibaya, na ndiyo maana kiliuma zaidi.

“Angèle iko munene kidogo,” alisema mmoja.

“Na iko na ngozi muzuri. Ya sabuni.”

“We mutoto,” Mama Mbombo alisema kwa huruma, “Angèle hawezi kulala apa chini sawa siye. Aba bantu ba televizio, banawapandisha ndege.”

Mukuna alimshika binti yake mkono, akamkalisha kwa nguvu.

“Funga kichwa! Unataka batukute?”

“Tata, banapatia batoto sumu, na mi njo nilibafundisha!”

“Mi nilikuambia tangu mwanzo. Nilisema ule mchezo ni upuuzi. Mutoto wa muntu ku televizio, kila mulevi anamujua. Ulinisikia? Sasa kaa.”

Tshiela hakuwa mwanamke wa kumjibu mumewe mbele za watu. Kwa miaka yote ya ndoa yao alimjibu chumbani, kwa sauti ndogo. Siku hiyo chumba hakikuwepo. Alimnyanyua Mbelu, akampakata mbele ya uso wa Mukuna. Macho ya mtoto yalikuwa yamezama. Ngozi ya tumbo, ukiivuta, ilibaki imesimama.

“Tata Joyeuse,” alisema, “uyu mutoto hakukojoa tangu jana. Anakufa. Weye uko unalinda uso ya nani?”

Mukuna alimtazama mtoto. Kisha akamgeukia Joyeuse, na sauti yake haikuwa ile ya kwanza.

“Unaomba nini?”

“Sukari, Tata. Na blouse yangu. Bila blouse aba bamama habatanisikia.”

“Blouse iko wapi?”

Joyeuse aliinamisha kichwa. “Kwa Mado. Niliiacha kwake.”

*

Tuseme ukweli kuhusu Mukuna na Mado. Mado ndiye aliyecheza Madame Directrice, mkuu wa shule mwenye miwani na ulimi wa kiwembe. Nje ya mchezo alikuwa mwanafunzi mwenzake Joyeuse, mtoto wa hapo hapo Lualaba ambaye hakuna aliyemfukuza. Alikuja kwa akina Joyeuse kila baada ya kurekodi, anacheka kwa sauti, kucha zimepakwa rangi. Mukuna alimvumilia mara mbili, mara ya tatu akamwambia mbele ya majirani wote kwamba nyumba yake si baa, na kwamba wanawake wa televizio watafute mahali pao. Mado aliondoka. Mukuna alijisifu wiki nzima.

Sasa alikuwa anatembea kuelekea kwake mchana kweupe, njia za nyuma, kofia imeshushwa. Kwanza alijaribu wauzaji waliokuwa karibu na uzio wa stesheni. Yule mwenye sukari alimsikiliza anavyotamka maneno kwa lafudhi aliyorithi kwa baba yake, akafunika beseni lake kwa kitambaa. “Sukari yangu haiko ya bilulu,” alisema, akaendelea kutafuna muwa. Mukuna alikuwa amewahi kuamuru wanaume mia katika zamu moja. Alisema asante, kwa mazoea tu, akaondoka, na kwa hatua kadhaa alijichukia kwa ile asante.

Mado alikuwa uani kwao, anafua. Alimwona, akasimama, povu linadondoka mikononi.

“Tata Mukuna.”

“Mado.” Alivua kofia. “Mi nilikufukuza kwangu. Nilikutukana mbele ya bantu. Unaweza kunifukuza na weye, ni haki yako. Lakini mutoto iko nakufa. Mbelu. Joyeuse anaomba sukari na blouse.”

Mado alifuta mikono kwenye nguo. Joyeuse alikuwa amemtaja kila siku katika sala zake, na yeye alikuwa amemlilia Joyeuse hadi mama yake akamgombeza, lakini hilo Mukuna hakulijua. Alichoona ni kwamba msichana ameingia ndani na kumwacha hapo. Alibaki amesimama uani kwa watu, kofia mkononi, akaona kwamba ndivyo alivyostahili.

Mado alitoka amevaa suti ya bluu ya Madame Directrice, miwani usoni, blauzi nyeupe imepigwa pasi mkononi. Kichwani alikuwa na mfuko wa sukari.

“Ni ya mama yangu, ya kuuzisha,” alisema. “Ataniua. Twende, Tata, kabla hajarudi kutoka ku soko.”

“Weye usikuje. Nipe tu. Kule ni hatari.”

“Na nani atamugombeza Angèle? Weye?”

*

Mlangoni mwa stesheni vijana wenye fimbo walikuwa wamekaa juu ya tairi, kazi yao kuhesabu wanaoingia na kuwanyang'anya wanaotoka. Mkubwa wao alinyoosha fimbo mbele ya kifua cha Mado.

“We dada, uko mutu wa apa. Unapelekea bilulu sukari? Unawalisha?”

Mado alishusha miwani hadi ncha ya pua. Alimtazama kijana kuanzia viatu hadi kofia, bila haraka, kisha akasema kwa sauti ambayo mji mzima uliijua:

“Kijana. Kucha zako ziko chafu. Njo namna unaingia mu service yangu, kwa bagonjwa?”

Fimbo ilishuka yenyewe. Kijana alificha mikono nyuma.

“Madame la Directrice!” mwenzake alipiga kelele, anaruka kutoka kwenye tairi. “Njo yeye! Ni Directrice wa Batoto ba Lopitalo!”

“Pardon, Madame,” alisema yule mkubwa, na aibu ilimfanya aonekane mdogo. “Lakini mulikatisha juu ya nini? Mulituacha Angèle analia ku korido. Sehemu ya tano itatoka lini?”

“Leo,” alisema Mado. “Tupishe.”

Wakapishwa. Yule mkubwa na mwenzake, fimbo kwapani, wakawafuata nyuma ili wasikose.

*

Joyeuse alinawa uso kwa maji ya kikombe kimoja. Akavaa blauzi. Ilimpwaya mabegani, lakini Mado aliibana nyuma kwa pini. Kitu cha kwanza alichofanya, kabla ya mchezo wowote, kilikuwa kutengeneza lita moja sawasawa na kuweka kijiko cha kwanza kinywani mwa Mbelu. Mtoto alikunja uso kwa woga, akaonja, akatulia. Akafungua mdomo tena.

“Kidogo kidogo, Mama,” alimwambia Tshiela. “Akitapika, ngoja, kisha uanze tena. Usichoke.”

“Mi nichoke?” alisema Tshiela.

Mukuna aliburuta sanduku lao la bati hadi mahali palipo wazi kati ya reli mbili. Mado alipanda juu, akapiga makofi mara moja.

“Mademoiselle Angèle!”

Watu wa mikeka ya karibu waligeuka. Joyeuse alitoka katikati ya watu na blauzi yake nyeupe, akasimama mbele ya sanduku, mikono nyuma, kichwa chini, vilevile alivyosimama katika sehemu zote nne. Mlio wa mshangao ulipita stesheni. Mama Mbombo aliweka mkono mdomoni.

“Eh! Mungu yangu. Njo yeye kweli!”

“Mademoiselle Angèle, weye njo ulifundisha aba bamama maji ya kuhara?”

“Ndiyo, Madame la Directrice.”

“Ulisema batie nini bijiko sita?”

“Nilisema sukari, Madame.”

“Mi siulize kile ulisema. Mi nauliza kile ulitia!”

Watu walicheka, maana ndivyo Directrice alivyokuwa siku zote. Lakini kutoka nyuma, upande wa mabehewa mabovu, sauti zilianza kulalamika: “Hatusikie! Banasema nini? Siye huku hatusikie!” Joyeuse alisikia hayo, akageukia upande wao. Wangeona tena bila kusikia. Wangekwenda na picha peke yake, kama mara ya kwanza.

Hapo Mukuna alipanda juu ya rundo la mataruma ya reli. Miaka ishirini alikuwa amepiga kelele kuzishinda mashine zinazosaga mawe, na koo lake lilikuwa bado linajua kazi hiyo. Alijaza kifua.

“ANASEMA,” alinguruma, “MADAME DIRECTRICE ANASEMA: HAULIZE KILE ULISEMA, ANAULIZA KILE ULITIA!”

Kicheko kilipasuka mbali kabisa, upande wa mabehewa. Watu walianza kusimama, wakasogea, wakapanda juu ya magodoro.

“Nilitia chumvi, Madame,” alisema Joyeuse, na machozi aliyokuwa nayo hayakuwa ya mchezo.

“ALITIA CHUMVI!”

“Mara ngapi?”

“Zote. Sukari ilikosa mu mji. Bantu ba televizio balisema kamera haina ulimi. Nikachota zote mu pakiti ya jogoo, ya chumvi.”

“ANASEMA SUKARI ILIKOSA! KILE MULIONA KU TELEVIZIO HAIKUWA SUKARI! ILIKUWA CHUMVI, NA NI MAKOSA! MAKOSA!”

Hakuna aliyecheka sasa. Mwanamke mmoja alianza kulia kwa sauti huku amemkumbatia mtoto wake. Mama Mbombo alisimama na chupa yake, uso umekuwa wa kijivu, akaigeuza juu chini, maji yakamiminika kwenye mawe ya reli mpaka tone la mwisho.

“Mi nilimupa mutoto wa jirani,” alisema. “Mi mwenyewe na mukono yangu.”

Joyeuse aliacha kuwa Angèle kwa muda. Alimwendea, akamshika mikono yote miwili.

“Mama, hapana weye. Ulifanya kile uliona. Makosa ni yetu, siye tuliosimama mbele ya kamera. Sasa njo unisaidie.” Akamkabidhi kijiko. “Mbele ya bantu bote. Weye njo utie.”

Na ikawa hivyo. Mama Mbombo alichota sukari mara sita, kila kijiko kimesawazishwa kwa kidole, na kila mara Mukuna alihesabu kwa ngurumo na stesheni nzima ilihesabu naye. Kisha nusu kijiko cha chumvi. Mado alisema kutoka juu ya sanduku, na Mukuna akarudia, kwamba asiye na sukari apike uji wa mahindi mwepesi sana, autie chumvi kiasi cha kuokota kwa vidole, nao utafaa. Walisema pia kuhusu kuchemsha maji na kunawa mikono, na kwa hilo Madame Directrice aliwagombeza wanaume hasa, wanawake wakapiga vigelegele.

“Sasa onja,” Joyeuse alimwambia Mama Mbombo.

Mama Mbombo alionja. Watu walimtazama mdomo.

“Iko sawa…” Alitafuta neno. “Iko sawa machozi. Hapana. Iko tamu kupita machozi.”

“Njo ivyo! Kila mama aonje kabla ya kumupa mutoto. Ikipita machozi kwa chumvi, aimwage, aanze tena.”

“ONJENI!” alinguruma Mukuna, na sauti yake ilipasuka katikati, akakohoa, akaendelea. “ONJENI KABLA YA KUPATIA MUTOTO! IKIPITA MACHOZI, MUIMWAGE! MACHOZI TUNAYAJUA BOTE!”

Chupa zilianza kumwagwa. Mkeka baada ya mkeka, hadi kule mwisho, maji ya chumvi yalimwagwa kwenye reli, na wanawake walikuja na chupa tupu kupanga mstari mbele ya mfuko wa mama yake Mado. Yule kijana mkubwa wa mlangoni alikuwa anasukuma watu wakae kwenye mstari. Hakuna aliyemtuma. Fimbo yake hakuna aliyejua ameiacha wapi.

Makofi yalipigwa muda mrefu. Mado aliinama juu ya sanduku, akavua miwani kama mwanamke mkubwa wa mjini, na Joyeuse akacheka huku analia. Kwa mara ya kwanza tangu watolewe nyumbani, hakukifikiria kitambaa chake. Uso wake ulikuwa wazi mbele ya watu elfu, na hakuogopa hata mmoja.

*

Lakini kwenye mkeka wao hapakuwa na makofi. Tshiela alikuwa anachota na kunywesha, anachota na kunywesha. Mukuna alikuja akakaa, sauti imemwisha kabisa, akanyoosha mikono. Tshiela alimpa mtoto ili apumzishe mgongo, na kijiko akabaki nacho. Joyeuse alikaa upande wa pili, bado na blauzi. Mado akachuchumaa karibu, bila kujali suti yake. Mama Mbombo alisimama mbali kidogo. Hakuthubutu kusogea mpaka Tshiela alipompigia mkeka kwa kiganja: kaa.

Walinywesha. Mbelu alitapika mara moja, wakangoja, wakaanza tena. Jua lilizunguka nyuma ya mabehewa. Mtu alileta viazi vitamu vya kuchemsha, hakuna aliyevila. Joyeuse alivuta ngozi ya tumbo la mtoto, akaiachia, ikachelewa kushuka. Alivuta tena baadaye, akatazama Mado, na Mado akatazama pembeni. Kila mmoja pale alikuwa na hofu ile ile moyoni: kwamba waliwahi watoto wa watu wote, wakamkosa wa kwao.

“Tata,” Joyeuse alisema kwa kunong'ona, “kama hatakojoa…”

“Chota,” alisema Mukuna kwa mabaki ya koo lake.

Tshiela akachota. Mtoto alimeza, akafungua macho, akatazama blauzi nyeupe. Alilialia kidogo, kwa hasira, na chozi likatoka. Chozi kweli, la maji. Tshiela aliliona, akalifuta kwa kidole, akakilamba kidole chake.

Mukuna aliruka kama aliyeumwa na siafu.

“Nini?” Tshiela alipiga kelele. “Nini, Tata Joyeuse?”

Alikuwa anatazama kifua chake. Shati lilikuwa limelowa kutoka mfukoni hadi mkandani, na joto lake lilikuwa linashuka mpaka kwenye paja. Alisimama, akampandisha mtoto juu ya kichwa chake mbele ya stesheni nzima, mkojo unamdondokea usoni, akavuta pumzi hadi chini ya tumbo, na lile koo alilofikiri limekufa likafunguka.

“ALISHA KUKOJOA!” alinguruma Mukuna, msimamizi wa zamani wa mashine, mtu wa heshima zake. “MUTOTO YANGU ALISHA KUKOJOA!”

Stesheni ililipuka. Sufuria zilipigwa kwa vijiko, vigelegele vikaruka kutoka mkeka hadi mkeka, na watu wasiomjua Mukuna wala mtoto wake walikumbatiana. Mama Mbombo alianguka kifudifudi, akapiga ardhi kwa viganja, analia na kucheka. Joyeuse na Mado walishikana shingo, wakaanguka pamoja juu ya godoro la watu.

Halafu, kutoka mbali, upande wa mabehewa mabovu, sauti nyingine ya mwanamume ikajibu, kubwa vilevile:

“NA WA KWANGU PIA!”